Wageni Wanawe Kwanza

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: nani atajwe kwanza? Nyuma yake lilijificha lingine, refu zaidi. Kama anayesoma tangazo redioni si yeye aliyeliandika, lawama ni yake au ya karatasi? Nililigeuza swali hilo kama mtu anayegeuza godoro akitafuta upande usio na kunguni, na kila upande ulikuwa nao.

Nilikuwa nimemaliza lisanse yangu, shahada ya mawasiliano, na nilikuwa nafanya staji, mafunzo ya kazini, katika redio moja ya jamii hapa Bunia. Redio yenyewe ni nyumba ya matofali yenye mnara uliofungwa kwa nyaya, na jenereta inayokohoa kama mtu aliyepaliwa na unga. Kazi yangu ilikuwa kusoma habari za mitaa na matangazo, asubuhi na jioni. Watu wa mbali wanadhani habari za Bunia ni za bunduki tu. Sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba habari inayosubiriwa ni ile ya bomba gani limerudi kutoa maji, kwaya gani imebadilisha saa ya mazoezi, avenyu gani imeifunga nyingine kwenye mpira, na salongo, kazi ya pamoja ya kufagia mitaro, itaanzia wapi Jumamosi, ili mtu ajue apite njia gani kuikwepa.

Kazi ile niliipenda, ila haikunipa amani. Siku moja nilitangaza mbuzi mweupe aliyepotea, mwenye doa jeusi sikioni, kisha nikashinda nikijiuliza kama nilisema sikio la kushoto au la kulia, na kama kuna mbuzi asiye na hatia aliyekamatwa kwa ajili yangu. Jioni mwenye mbuzi alipita kutushukuru. Mnyama alikuwa amerudi mwenyewe hata kabla sijafungua mdomo.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia alikuja mwenyekiti wa komiti ya utamaduni ya Mbunya, sehemu yetu ya mji. Ni mwalimu mstaafu mwenye tabasamu pana, ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote hapana, na nadhani ndiyo sababu walimchagua. Alileta tangazo la sikukuu ya ngoma itakayofanyika Jumamosi kwenye uwanja wa mpira.

Ili mtu aelewe uzito wa tangazo lile, lazima ajue kwamba kwa miaka mingi Mbunya haikuwa imekusanya ngoma za pande mbalimbali mahali pamoja. Watu wa kila upande walicheza kwao, kwenye harusi zao, na masikio yao yakisikiliza hatari ya barabarani. Sasa makundi matatu yalikuwa yamekubali kucheza mbele ya watu wote: familia za wafugaji zilizokaa hapa tangu zamani, akina mama waliokimbia kutoka Djugu na kuishi kambini ukingoni mwa mji, na vijana wa Aveba watakaokuja kwa pikipiki.

Nilisoma karatasi mara mbili.

"Papa Mwalimu, utaratibu uko wapi? Nani anaanza?"

"Ah, hiyo. Hiyo redio njo itasema."

"Redio itasema alichopanga nani?"

"Redio."

"Papa Mwalimu, redio ni mimi."

"Basi iko sawa, mwanangu. Weye umesoma. Siye tulikaa, tukamaliza chai yote ya komiti, tukashindwa. Kila mutu anataka kuanza. Na kila mutu anasema, akiwekwa wa pili, hatakuya."

Mkurugenzi wetu, mama mwenye sauti isiyohitaji mnara, alisikia yote kutoka chumba cha pili.

"Wakati wa chai redio haikuitwa," alisema. "Sasa chai imeisha, wametuletea masufuria tuoshe."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta, akaaga, akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mihogo. Mkurugenzi alinigeukia. Yeye hakuwa anacheka.

"Panga weye. Jumatano jioni usome, ili batu wajitayarishe. Lakini ujue kitu kimoja. Kundi moja likijitoa, yote yatajitoa. Na yakijitoa safari hii, sijui nani atayaita tena."

Redio yetu ina sheria nzuri: hatutaji kabila, tunataja mahali. Sheria hiyo imetuokoa mara nyingi. Lakini haisemi lolote juu ya kutangulia na kufuata, na katika mji wetu anayetajwa kwanza, watu husikia kwamba huyo ndiye mkubwa. Tena baba yangu anatoka kwa watu wa ng'ombe, na mama yangu alizaliwa upande wa Djugu. Upande wowote nitakaoutanguliza, nyumbani kuna mtu atakayenipakulia chakula kimyakimya.

Nilifikiria alfabeti. Kwa alfabeti Aveba ingeanza, na wengine wangeniuliza ni nani aliyeileta alfabeti Ituri. Nilifikiria umri wa ngoma, lakini kila kundi lingeapa kwamba ngoma yake ilianza kabla ya mvua. Nilifikiria kura, nikampigia mwenyekiti, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Kura?" alisema kwa huzuni. "Kura ni ile waliyopiga askari chini ya musalaba, mwanangu."

Nilitaka kumkumbusha kwamba hata mtume aliyechukua nafasi ya Yuda alipatikana kwa kura. Jibu hilo lilinijia zuri na kamili, lakini alikuwa ameshakata simu.

Jumatano mchana nilikwenda nyumbani nikiwa sina kitu. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Nilikaa kwenye kibao nikamtazama mchi ukipanda na kushuka.

"Uso wako uko sawa na mutihani," alisema. "Nini tena?"

"Mama, wageni watatu wakifika kwako pamoja, unaanza na nani?"

"Ninaanza na maji."

"Maji kwa nani?"

"Kwa mugeni. Ule wa mbali ananawa kwanza. Mwenye nyumba ananawa mwisho, sababu yeye hata akikosa nyama, sufuria iko yake." Aliacha kutwanga, akanitazama. "Hiyo njo walikufundisha miaka yote ile, kuuliza mambo ya mutoto mudogo?"

Lakini mimi nilikuwa nimesimama. Mambo ya mtoto mdogo! Kila mtu katika Ituri, awe na ng'ombe au shamba la mihogo, amewahi kushika birika na beseni utotoni na kuambiwa: anza na mgeni. Hakuna komiti inayoweza kulipinga birika. Nilirudi redioni karibu nikikimbia, na jioni ile nikasoma kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliiona nzuri: kwamba kwa kufuata desturi yetu sote ya mezani, siku ya Jumamosi wageni watacheza kwanza na wenyeji watacheza mwisho, na kila kundi lijipange kwa heshima hiyo.

Nilijisifu sana. Sikutaja mahali popote, sikumtanguliza yeyote. Niliacha watu wajue wenyewe nafasi zao. Nilinunua hindi la kuchoma njiani, nikala nikitembea, na nililala vizuri.

Asubuhi mtu wa kwanza kunisubiri kwenye geti la redio alikuwa mzee anayeongoza kundi la wafugaji, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alinisalimia kwa utaratibu, akauliza habari za baba, za mama, za kazi. Kisha akauliza:

"Babu yako alizikwa wapi?"

"Hapa hapa, muzee."

"Alizikwa hapa kama mugeni?"

"Hapana, muzee."

"Basi siye tunacheza mwisho. Mwisho kabisa. Hata mvua ikipenda kucheza, itutangulie."

Nilikuwa bado namtafutia kiti alipoingia mama anayeongoza kundi la Djugu, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Nilimfahamu, jioni nyingi nilikuwa nimewasikia wakifanya mazoezi nyuma ya kanisa lililo karibu nasi. Ngoma zao zilibaki kwao walikokimbia, kwa hiyo walipiga madumu ya manjano, yale ya kuchotea maji, na waliyapiga hivi kwamba mtu alisahau kuwa ni madumu.

"Binti, redio yako ilisema wageni."

"Ndiyo, mama."

"Siye tunalala chini ya bashi, turubai tu, ni kweli. Maji tunapanga mustari, ni kweli. Lakini mutu akilala jikoni kwake sababu chumba kinavuja, anakuwa mugeni wa nyumba yake?"

"Hapana, mama."

"Basi tutacheza mwisho. Weye njo ulituita, upange vizuri."

Mzee wa kofia na mama wa madumu walitazamana. Wote wawili walitaka kuwa wa mwisho. Wakasalimiana kwa adabu kubwa, ile adabu inayotisha, na simu ikalia. Ilikuwa Aveba. Kiongozi wa vijana alikuwa mahali penye upepo na alipiga kelele ili nimsikie.

"Mutangazaji! Bunia imesimama ndani ya nini? Ndani ya eneo la Irumu! Na siye ni watu wa Irumu! Sasa mutoto anamwita mama yake mugeni? Siye tunafunga sikukuu. Weye ulituita, siye tutafunga!"

Mwenyekiti alifika karibu na saa sita, akasikiliza yote, uso wake ukang'aa.

"Lakini hii ni habari njema! Hakuna anayegombania kuanza tena."

"Papa Mwalimu, kama hakuna anayeanza, hakuna sikukuu."

"Ah," alisema. Akafikiri. "Hiyo sikuiona."

"Juzi walisukumana mulango wa mbele," alisema mkurugenzi, "leo wanasukumana mulango wa nyuma. Na nyumba iko tupu."

Nilitoka nikaenda kukaa nyuma, karibu na jenereta, mahali ambapo mtu anaweza kujilaumu bila kusikiwa. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Mezani, mgeni ni neno tamu. Linakuja na kipande kizuri cha nyama. Lakini huku kwetu neno hilo limewahi pia kutupwa mlangoni kwa mtu kabla ya moto kutupwa. Watu wameacha mashamba yakiwa yameiva kwa sababu kuna aliyewaambia kwamba wao ni wageni. Mimi nilikuwa nimelichukua kutoka kwenye birika la mama, nikalisoma hewani, na kuwaacha watu wachaguane wenyewe. Tena nikanunua hindi.

Nikaanza kuandika tangazo la kuomba radhi. La kwanza lilikuwa refu. La pili lilikuwa refu zaidi. Nilimpelekea mkurugenzi, akasoma akikunja paji la uso.

"Hii ni tangazo ao ni sala ya toba?"

"Ninataka kueleza nia yangu."

"Nia yako haichezi ngoma. Batu wanataka kujua Jumamosi wanakuya ao hawakuyi." Akanirudishia. "Na usiniambie unaugua. Ninakuona unatafuta pa kuugulia."

Ni kweli nilikuwa nimefikiria malaria. Nilifikiria pia kumwomba mwenyekiti aahirishe, lakini nilijua kuahirisha maana yake nini: viongozi wangerudi kila mmoja kwake na hadithi yake ya jinsi walivyodharauliwa, na uwanja wa Mbunya ungebaki wa mpira tu. Nilipitia maneno yao moja moja, kama ninavyopitia maneno yote, nikitafuta pale nilipoumia zaidi. Na nikagundua kwamba katika hasira zao walikuwa wanarudia jambo moja. Mama wa Djugu alilisema, kijana wa Aveba alilisema, na hata mzee wa kofia, alipokuwa akiondoka, alinyoosha fimbo kifuani kwangu akasema: "Weye njo uliita batu."

Kwetu hakuna ubishi juu ya hilo. Anayeita watu ndiye mwenye karamu.

Saa ya matangazo ya jioni ilifika kabla sijapata muda wa kuligeuza wazo hilo upande wa pili. Taa nyekundu ikawaka. Mbele yangu palikuwa na karatasi ya maji, ya kwaya na ya mechi, lakini juu ya sikukuu hapakuwa na karatasi yoyote. Nikasema:

"Ndugu wasikilizaji, jana nilisema wageni kwanza na wenyeji mwisho, na leo mumeniuliza mwenyeji ni nani. Mumeuliza vizuri. Sikukuu hii, aliyewaita ni mimi, kwa sauti hii munayoisikia. Kwa hiyo Jumamosi mwenyeji ni mimi peke yangu, na watu wote watakaokuja ni wageni wangu, wawe wanatoka mbali ao wanatoka nyumba ya jirani. Nitawangojea mlangoni na maji ya kunawa. Na kwa kuwa mwenyeji anacheza mwisho, basi nitacheza mwisho."

Sentensi ile ya mwisho sikuipanga. Ilikuja kwa sababu zile zilizoitangulia ziliidai. Nyuma ya kioo mkurugenzi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Simu zilianza kabla sijavua vidude vya masikio. Mmoja aliuliza mwenyeji atapika nini. Mwingine alitaka kujua kama mwenyeji ameolewa. Mama wa Djugu alituma ujumbe kwa simu ya mwanawe: *Mwenyeji, tumesikia. Madumu yatakuya.* Kutoka Aveba sikupata neno. Mzee wa kofia naye hakusema kitu, na ukimya wake nilikaa nao siku nzima ya Ijumaa. Barabarani madereva wa pikipiki walinipungia.

"Mwenyeji! Iko bugali?"

"Iko maji!" nilijibu.

"Maji tu? Karamu gani hii?"

Nyumbani mama alinipokea akiwa ameshika kiuno.

"Umeita Mbunya yote. Kwangu kuko sombe ya batu wanne."

"Sikusema wale, mama. Nilisema wanawe."

"Hakuna mutu ananawa bila kula." Lakini alikuwa tayari ameazima birika kubwa la kanisa, akalisugua kwa majivu mpaka nikaona uso wangu ndani yake, mrefu na wenye hofu.

Jumamosi nilisimama mlangoni mwa uwanja, kati ya miti miwili iliyofungwa kamba, birika mkononi na beseni chini. Nilikuwa na hofu mbili zisizopatana: kwamba hakuna atakayekuja, na kwamba watakuja wote. Wauza mandazi walikuja. Watoto walikuja. Mwenyekiti alikuja na suti yake ya Pasaka. Kisha nikasikia pikipiki, na kupitia vumbi nikawaona vijana wa Aveba, wawili wawili na watatu watatu, ngoma zimefungwa migongoni kama watoto. Walikuwa hawajateremka wote nilipowaona pia akina mama wa Djugu wakija kwa miguu kutoka upande wa kambi, madumu kichwani, wakiimba kwa sauti ya chini.

Walifika mlangoni pamoja.

Nilishika birika. Mama yangu alisema ule wa mbali ananawa kwanza. Sasa wa mbali ni nani? Wale walikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hawa walikuwa wametembea dakika chache tu. Nilitazama mkono huu, nikatazama ule, na mwenyekiti, aliyekuwa karibu yangu, ghafla akakumbuka kuwa kuna kiti anapaswa kukihamisha.

"Mwenyeji amekauka," kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

"Wao wanatoka mbali," nilimwambia mama wa Djugu taratibu. "Wametoka Aveba."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Siye tunalala karibu." Akatua dumu lake. "Tunatoka mbali, ila tunalala karibu."

Kiongozi wa Aveba, kijana mrefu aliyekuwa bado anapangusa uso, aliacha kupangusa. Alimtazama yule mama, akayatazama madumu.

"Siye kesho tunarudi kwetu," alisema. "Hawa hawajarudi bado. Wa mbali ni hao. Mama, nawa."

Mama alipandisha mikono ya blauzi yake. Alinyoosha mikono, nami nikamimina. Maji yalikuwa mengi kupita kiasi, yakamlowesha kitenge, akacheka, akaniambia, "Polepole, mwenyeji, haya maji tutayachota wapi tena?" Baada yake walinawa wenzake, kisha vijana wa Aveba, na hivyo swali lililonikondesha wiki nzima likaisha bila mimi kulijibu.

Mzee wa kofia alikuja wakati uwanja ulikuwa umejaa. Alitembea mbele ya watu wake pole pole, kama mtu anayefuata mifugo. Alisimama mbele ya birika.

"Mwenyeji ni weye?"

"Ni miye, muzee."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mutoto mwembamba hivi, na Mbunya yote." Akavua kofia, akampa mjukuu, akanyoosha mikono. "Mimina."

Akina mama wa Djugu walifungua. Walipiga madumu kwa vijiti na viganja, wakainama na kuinuka kama wanaolima mstari mmoja, na wauza mandazi wakaacha mandazi. Katikati ya wimbo, vijana wawili wa Aveba walifungua ngoma zao, wakaenda kuzitua karibu na madumu bila kuombwa, wakaanza kuwapigia. Kisha wao wenyewe wakacheza, mabega yakitetemeka kama yana homa. Kisha watu wa mzee wakaingia, mikono juu kama pembe, wakienda kwa madaha, na yeye mwenyewe, aliyesema amekuja kuangalia tu, alionekana katikati yao akiruka kuliko vijana. Wingu lilikuja kutoka upande wa milima, likasimama juu yetu, likatunyunyizia kidogo, likapita.

Nilianza kutumaini kwamba wamesahau. Hawakusahau. Mwenyekiti, mtu asiyejua kusema hapana, alikuwa ameshika mikro, kipaza sauti cha redio.

"Sasa, kwa desturi yetu, mwenyeji!"

Uwanja wote ulipiga kelele. Mkurugenzi alinisukuma mgongoni. Mama yangu, aliyekuwa amesema hatakuja kuona aibu ile, alikuwa mstari wa mbele kabisa. Niliweka birika chini.

"Mwenyeji anacheza ngoma gani?" aliuliza mzee wa kofia, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Lilikuwa swali la kawaida na hakukuwa na ubaya machoni mwake, lakini nilisikia jinsi lilivyoanguka. Nikiinua mikono kama pembe, nimesema nyumba ni ya nani. Nikiinama kama mkulima, nimesema pia. Nikitetemesha mabega, Aveba itanibeba na wengine wataondoka na neno lao moyoni. Katika kichwa changu mawazo yalikwisha kujipanga foleni: hoja ya kwanza, hoja ya pili, historia, baba, mama. Nilijua foleni ile. Nikisubiri ifike mwisho, jua litazama na watu watakwenda zao.

"Zote," nilisema.

"Zote namna gani?" aliuliza kijana wa Aveba. "Hazipatani."

"Pigeni zote. Mara moja."

Walitazamana. Mama wa Djugu ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa juu ya dumu lake moja, akalivuta la pili katikati ya magoti. Vijana wa Aveba walikaza ngozi zao. Watu wa mzee walianza kupiga makofi yale yao mazito. Ilikuwa kelele mbaya kabisa, kama soko lililovamiwa na mvua ya mawe, kila upande ukivutia kwake, na hakuna hatua duniani iliyotengenezwa kwa kelele ile. Nilivua viatu, nikainua mkono mmoja, nikainamisha bega moja, nikaingia katikati.